Kanisa Lililobaki Baada ya Kijiji

Katika ukuta wa kusini wa kanisa la Mtakatifu Martin, huko Wharram Percy kaskazini mwa Uingereza, yamo matao ya mawe yasiyopitisha mtu. Yalijengwa ili waumini wapite chini yake, lakini yamezibwa kwa mawe hadi juu, na katika mawe hayo ya kuzibia yametiwa madirisha. Ukuta wa kaskazini nao una matao yaliyozibwa. Mtu aliyezoea kuyasoma majengo hutambua mara moja kilichotokea. Zamani kanisa hili lilikuwa pana zaidi. Lilikuwa na bawa kila upande, na ukafika wakati watu wakayabomoa mabawa hayo kwa mikono yao wenyewe, wakaziba palipobaki wazi, kisha wakaendelea kusali ndani.

Leo kanisa halina paa. Mnara wake umebomoka nusu. Limesimama katika bonde la vilima vya chokaa viitwavyo Yorkshire Wolds, kilomita kama 10 hivi kutoka mji wa Malton, na hakuna nyumba za kijiji zinazolizunguka. Juu yake, kwenye mteremko, majani yamefunika vituta na vishimo vilivyopangika kwa mistari: hiyo ndiyo misingi ya nyumba za wakulima, viwanja vyao na njia walizopita. Kijiji kilikufa takriban miaka 500 iliyopita. Kanisa liliendelea kutumika kwa karne nne na nusu baada ya hapo.

Historia za majengo hupenda kusimulia ukuaji. Zinataja nani aliongeza nini, lini, na kwa utukufu gani. Wharram Percy inatulazimisha kusimulia na nusu ya pili, kwa sababu kanisa hili lilijengwa kwa kuongezwa na likaokolewa kwa kupunguzwa. Waliolipunguza walikuwa wajenzi kama wale waliolipanua.

Kutoka mti hadi jiwe

Kanisa la kwanza mahali hapa lilikuwa la miti. Wanaakiolojia walipochimba ndani ya kuta za sasa walikuta mashimo ya nguzo za jengo dogo la karne ya 10. Uingereza ya wakati huo ilikuwa na makanisa mengi ya namna hiyo: bwana mwenye ardhi alijenga kanisa karibu na makao yake, akaweka padre, na wakulima wake wakaja kusali hapo. Kadiri miaka ilivyopita, kanisa la bwana likawa kanisa la parokia, na parokia ikapata mipaka yake, zaka zake na makaburi yake.

Katika karne ya 11 miti ilibadilishwa kwa mawe. Jengo jipya lilikuwa na vyumba viwili tu: ukumbi wa waumini upande wa magharibi, na chumba kidogo cha altare upande wa mashariki. Miaka mingi haikupita kabla ya hilo nalo kuonekana dogo, likajengwa jingine kubwa kulizunguka, lenye altare iliyofungwa nyuma kwa ukuta wa nusu duara. Hayo yalitokea katika enzi iliyoitikisa nchi. Wanormani waliivamia Uingereza mwaka 1066, na katika majira ya baridi ya 1069 hadi 1070 majeshi ya mfalme William yaliteketeza sehemu kubwa ya kaskazini ili kuzima maasi. Mwaka 1086 makarani wa mfalme walipoorodhesha ardhi na kodi za nchi nzima katika kitabu kiitwacho Domesday, jina la Wharram lilikuwamo. Chini ya mabwana wapya, maelfu ya makanisa ya vijijini kote Uingereza yalijengwa upya kwa mawe, na la Wharram lilikuwa miongoni mwake.

Waashi wa vilima hivi walikuwa na tatizo la mali ghafi. Chokaa imejaa chini ya miguu yao, lakini ni jiwe laini, na likilowa kisha likapigwa na barafu hupasuka na kumeguka. Ilifaa kujazia katikati ya ukuta. Pembe, nguzo, matao na vizingiti vilihitaji jiwe gumu zaidi, nalo halikutoka mlimani hapo. Kwa hiyo kila jiwe lililochongwa lilikuwa na gharama ya kulichimba, kulisafirisha na kulichonga. Tukumbuke gharama hiyo, kwa sababu ndiyo itakayoeleza baadaye kwa nini hakuna jiwe zuri lililotupwa.

Matao yafunguliwa

Karne ya 12 na ya 13 zilikuwa za neema kwa wakulima wengi wa Uingereza, angalau kwa idadi ya watu. Ardhi mpya ililimwa, vijiji vilijaa. Wharram Percy, iliyopata nusu ya jina lake kutoka kwa ukoo wa Percy, mojawapo ya koo kubwa za kaskazini, ilifikia nyumba kama 40. Lakini parokia ilikuwa kubwa kuliko kijiji. Vitongoji vitano vilihesabiwa chini ya kanisa hili: Wharram Percy yenyewe, Raisthorpe, Burdale, Towthorpe na Thixendale. Siku ya sikukuu, watu wa mabonde yote hayo walikuja kusimama chini ya paa moja.

Mwishoni mwa karne ya 12 lilijengwa bawa la kusini. Njia iliyozoeleka ya kuongeza bawa ilionyesha akili ya waashi wa zama hizo. Ukuta mpya wa nje ulijengwa kwanza na kuezekwa, na wakati wote huo ibada iliendelea ndani ya kuta za zamani. Kazi ya nje ilipokamilika ndipo ukuta wa zamani ulipotobolewa kipande kwa kipande, nguzo zikasimamishwa, matao yakafungwa juu yake, na ukuta wa nje wa jana ukawa safu ya matao katikati ya kanisa. Katika karne ya 13 upande wa kaskazini nao ukapata bawa lake, na katika karne ya 14 kikanisa kidogo kikaongezwa kwenye kona ya kaskazini mashariki. Mnara nao ulipanda upande wa magharibi.

Nafasi hiyo haikuwa ya kuweka watu tu. Wakristo wa karne hizo waliamini kwamba roho za marehemu hutakaswa toharani na kwamba misa za walio hai huwapunguzia muda wa mateso. Waliokuwa na uwezo walitaka altare za pembeni ambapo padre angewaombea wazazi wao. Maandamano ya sikukuu yalihitaji njia ya kuzunguka, na familia zilitaka kuzikwa karibu na watakatifu. Bawa la kanisa liliweka mahali pa kusalia, mahali pa kuzikia na mahali pa kuonyesha heshima ya ukoo, vyote kwa pamoja.

Ukiliangalia kanisa la mwanzoni mwa karne ya 14, unaona jengo lililotanuka kwa kila upande: mabawa mawili, kikanisa, mnara, altare ndefu. Hakuna kizazi kilichoishi kabla wala baada ambacho kiliwahi kuwa na kanisa kubwa kuliko hilo mahali hapo.

Kilichoua kijiji

Watu wengi wakisikia habari za kijiji cha Uingereza kilichohamwa katika zama za kati, hutaja tauni. Ni jibu la haraka, nalo linaonekana kutosha. Tauni iliyofika Uingereza mwaka 1348 iliua sehemu kubwa ya watu wa nchi ile ndani ya miaka miwili, na Wharram Percy haikusalimika. Lakini hati na udongo wa mahali hapa vinasimulia habari ndefu zaidi.

Shida zilianza kabla. Mvua zilizopitiliza za mwaka 1315 na miaka iliyofuata zilileta njaa kubwa kaskazini mwa Ulaya. Baada ya njaa wakaja wapiganaji wa Waskoti, waliovamia Yorkshire mara kadhaa, na mwaka 1322 walifika hadi maeneo ya mashariki yake. Hati ya mwaka 1323 kuhusu Wharram Percy inaonyesha mashamba mengi yakiwa hayalimwi. Kisha tauni. Hata hivyo, mwaka 1368, karibu miaka 20 baada ya tauni, nyumba kama 30 zilikuwa na watu. Kijiji kilikuwa kimejeruhiwa na kilikuwa kinapona.

Kilichokimaliza kilikuja polepole na kwa sura ya biashara. Tauni iliacha watu wachache, na wachache hao waliweza kudai ujira mkubwa au kuhama wakatafute bwana mwingine. Bei ya nafaka ikawa haimlipi mwenye ardhi. Sufu, kwa upande wake, ilikuwa na soko la uhakika katika viwanda vya nguo vya Uingereza na ng'ambo ya bahari. Shamba la ngano lilihitaji kijiji kizima, ilhali kondoo walihitaji mchungaji mmoja na mbwa wake. Mwaka 1403 ardhi ya Wharram Percy ilitoka mikononi mwa ukoo wa Percy ikaingia kwa ukoo wa Hilton. Katika karne hiyo ya 15 nyumba zilipungua moja baada ya nyingine, na viwanja vilivyoachwa vikageuka malisho.

Mwaka 1517 serikali ya mfalme Henry wa 8, chini ya kardinali Thomas Wolsey, iliunda tume ya kuchunguza nyumba zilizobomolewa na mashamba yaliyogeuzwa malisho tangu mwaka 1488. Kumbukumbu za tume hiyo zinasema kwamba huko Wharram Percy bwana Hilton alikuwa amebomoa nyumba nne na plau nne zikasimama. Plau ni kipimo cha maisha: kila moja ilikuwa na ng'ombe wake, mkulima wake, mke wake, watoto wake na watumishi wake. Hizo nne ndizo zilizokuwa za mwisho. Tume iliandika, na kondoo wakaendelea kula majani.

Nataka jambo hili lisemwe wazi, kwa sababu tauni haina mwenye kuulizwa, bali kufukuza watu kuna mwenye kuulizwa. Kijiji kilichodumu katika njaa, vita na maradhi kilimalizwa na uamuzi wa mtu mwenye hati ya ardhi.

Mawe yarudishwa kazini

Kwa kawaida mambo yangeishia hapo. Kanisa lisilo na kijiji hubomoka, na mawe yake huchukuliwa kujengea mazizi. Hilo halikutokea kwa sababu bwana mwenye ardhi aliweza kukifuta kijiji, lakini hakuweza kuifuta parokia. Watu wa Thixendale walikuwa bado wapo, na haki yao ya kubatizwa, kuoa na kuzikwa ilikuwa katika kanisa la Mtakatifu Martin. Kwa hiyo waliendelea kuja, kilomita kadhaa kwa miguu kupitia mabonde, wakibeba watoto wachanga na majeneza.

Walikuta kanisa lililojengwa kwa ajili ya watu wengi kuliko wao. Desturi ya Kanisa la Uingereza iligawa mzigo wa matengenezo hivi: ukumbi wa waumini ulitunzwa na waumini wenyewe, na sehemu ya altare ilitunzwa na yule aliyepokea zaka kubwa za parokia. Kila mita ya paa la risasi juu ya bawa tupu ilikuwa deni kwenye mabega ya wakulima wachache. Paa lililoachwa kuvuja huozesha mbao, mbao zikioza huanguka, na zikianguka huburuta ukuta.

Wakachagua kupunguza. Kati ya karne ya 15 na ya 16, kwa hatua, mabawa yalibomolewa, na matao yakazibwa kama mshonaji anavyoingiza nguo ya mtu aliyekonda, akitumia kitambaa kile kile. Madirisha ya kuta zilizobomolewa hayakutupwa. Yalitolewa kwa uangalifu, yakawekwa tena ndani ya matao yaliyozibwa, ili mwanga uendelee kuingia. Mawe yaliyochongwa na babu yakapata kazi ya pili mikononi mwa wajukuu. Waliofanya hivyo walihitaji ustadi: tao linalozibwa vibaya hubeba uzito vibaya, na dirisha lililotolewa ukutani huvunjika kwa urahisi. Walijua wanachokifanya.

Mageuzi ya dini ya karne ya 16 yalipunguza mahitaji zaidi. Sala za kuwaombea marehemu zilipigwa marufuku, altare za pembeni zikaondolewa, na ibada ikawa ya Kiingereza, ikisikilizwa na watu waliokaa pamoja ukumbini. Altare ndefu, iliyojengwa kwa ajili ya fahari ya misa ya Kilatini, ikawa na nafasi isiyo na kazi. Katika karne ya 17 sehemu hiyo nayo ilifupishwa. Kufikia hapo kanisa lilikuwa limerudi karibu na umbo lake la karne ya 12: ukumbi mmoja, chumba kifupi cha altare, na mnara.

Njia ya mwisho

Vitongoji vitatu kati ya vile vilivyobaki, yaani Raisthorpe, Burdale na Towthorpe, navyo vilikonda hadi vikawa mashamba ya watu wachache. Thixendale pekee ndiyo iliyobaki kijiji. Kwa zaidi ya miaka 300 kanisa la bondeni liliishi kwa miguu ya watu wake.

Mwaka 1853 reli ya kutoka Malton hadi Driffield ilipita jirani, ikatoboa kilima kwa handaki la Burdale, na sauti ya injini ikasikika mahali palipokuwa na sauti za kondoo tu. Reli haikuleta kijiji kipya. Mwaka 1870 Thixendale ilipata kanisa lake lenyewe, lililogharamiwa na tajiri wa eneo hilo, Sir Tatton Sykes, na kusanifiwa na George Edmund Street, mmoja wa wasanifu mashuhuri wa zama za malkia Victoria. Kwa watu wa Thixendale ilikuwa faraja kubwa. Kwa kanisa la Mtakatifu Martin ilikuwa kupoteza wale waliolihifadhi tangu kijiji chake kilipokufa.

Ibada ya mwisho ilifanyika mwaka 1949. Mwaka uliofuata treni za abiria ziliacha kupita. Katika miaka ya 1950 risasi ya paa iliibwa, maji yakaanza kuingia ndani ya kuta, na mwaka 1959 sehemu ya mnara ikaanguka. Jengo lililovumilia karne nne na nusu bila kijiji liliharibika ndani ya miaka 10 bila waumini.

Wasomaji wa mawe

Mwaka 1948, kabla tu ya ibada hiyo ya mwisho, alifika hapo Maurice Beresford, mwanahistoria wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Leeds, akifuatilia vijiji vilivyopotea. Tangu mwaka 1950 alianza kuchimba kila kiangazi, na mwaka 1952 akaungana naye mwanaakiolojia John Hurst. Kazi yao, iliyofanywa na watu wengi wa kujitolea, ilidumu hadi mwaka 1990. Walitumia njia ya kufunua eneo pana kwa wakati mmoja badala ya kuchimba mitaro myembamba, wakaibadili namna vijiji vya zama za kati vinavyochunguzwa Uingereza nzima. Leo inajulikana kwamba vijiji vilivyohamwa nchini humo vinazidi 2,000.

Kanisa lenyewe lilichimbuliwa kati ya mwaka 1962 na 1974. Chini ya sakafu hatua zote zilikuwapo: mashimo ya nguzo, misingi midogo ndani ya mikubwa, mstari wa nusu duara, mabawa yaliyozikwa. Na walikuwapo watu. Mifupa ya watu 687 kutoka kanisani na makaburini ilichunguzwa na mwanasayansi Simon Mays, na kwa mara ya kwanza wakulima wasiojua kuandika wakapata wa kusimulia maisha yao. Kemia ya mifupa ya watoto ilionyesha kwamba mama zao waliwanyonyesha kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi. Urefu wa mifupa ulionyesha kwamba mtoto wa miaka 14 alikuwa na kimo cha mtoto wa miaka 10 wa siku hizi, kwa sababu ya lishe duni na maradhi. Fuvu la mwanamume mmoja wa karne ya 10 au ya 11 lilikuwa limepigwa kwa kitu kizito, likafanyiwa upasuaji, na mfupa ukapona. Kulikuwa na mganga mwenye mkono hodari, na kulikuwa na watu waliomuuguza majeruhi hadi akasimama tena.

Magofu hayo sasa yanatunzwa na taasisi ya English Heritage, na yeyote anaweza kushuka bondeni kuyaona. Wageni wengi husikitikia kanisa kubwa lililopotea. Mimi nadhani tunapaswa kuwastahi kwanza wale waliolipunguza. Hawakuwa na bwana wa kuwafadhili, na kijiji kilichokuwa karibu na kanisa kilikuwa kimefutwa kwa nguvu. Wangeweza kuliacha lianguke na hakuna ambaye angewalaumu. Badala yake walihesabu uwezo wao, wakaamua ni ukubwa gani wanaoweza kuubeba, wakabomoa kwa utaratibu na kujenga upya kwa mawe yale yale. Mabwana wa Wharram Percy wana majina katika hati, na mafundi hao hawana. Lakini karne nne na nusu za ubatizo, ndoa na mazishi zilizofuata ziliwezekana kwa sababu ya kazi yao, na mtu anayeandika historia ya usanifu akiishia pale bawa la mwisho lilipoongezwa atakuwa ameacha nje nusu ya wajenzi.